Kabla ya Kuwa Majina ya Wanaume, Gumegume na Fataki Yalikuwa Mambo ya Bunduki

Mjini siku hizi, mwanaume anayekula kwa mwanamke, hachangii kodi wala luku, anaitwa gumegume. Yule mwenye umri wa baba anayeegesha gari karibu na geti la shule akivizia wanafunzi, huyo ni fataki. Jina hilo la pili lilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya matangazo ya redio ya kuwaonya mabinti kulipiga mpaka kila kona ya nchi ikalijua. Yote mawili ni majina ya kumwaibisha mtu. Na yote mawili yametoka kwenye bunduki.

Kamusi za zamani za Kiswahili zinaitaja bunduki ya gumegume: ile ya kizamani kabisa, inayowashwa kwa jiwe. Unavuta kifyatuo, jiwe linagonga chuma, cheche inaruka, baruti inawaka. Au haiwaki. Mvua ikinyesha haiwaki. Upepo wa ziwani ukivuma vibaya, haiwaki. Fataki nayo ilikuwa kijikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinachokaa chini ya nyundo ya bunduki na kulipuka kikigongwa. Kilikuja baadaye kuchukua nafasi ya jiwe. Moja ilisifika kwa kugoma, nyingine kwa kulipuka ikiguswa kidogo tu. Waliotunga misimu ya mtaani, wawe walijua au hawakujua, walipatia.

Bunduki hizo mbili, ya jiwe na ya fataki, zilijazwa kwa njia ileile. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia kitambaa au nyuzi za gome, unatia risasi, unashindilia yote kwa mdeki. Ukoo wao ni mmoja: gobore. Kila polisi wa Tanzania analijua hilo neno.

Historia ya silaha kandokando ya Ziwa Victoria kwa kawaida husimuliwa kwa majina makubwa: Speke, Stanley, Mirambo, Mwanga, Emin Pasha. Lakini bunduki haili majina. Inakula baruti, risasi na fataki, na kila mara kulikuwa na mtu ambaye hakuandikwa popote aliyepaswa kuzitafuta, kuzibeba, kuzikausha na kuzishindilia. Swali la mtu huyo lilikuwa moja tu, na lilikuwa swali la mfukoni: hii bunduki nitaweza kuilisha mwenyewe?

John Hanning Speke alilitazama ziwa kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, akalibandika jina la malkia wake, akaondoka. Aliporudi safari ya pili mwaka 1862 alipitia magharibi mwa ziwa mpaka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akiwa na zawadi za bunduki. Kilichofuata kiliandikwa na Speke mwenyewe. Mutesa alijaza bunduki moja kwa mikono yake mwenyewe, akampa kijana mtumishi wake, akamwambia atoke nje akampige mtu. Kijana akatoka, mlio ukasikika, akarudi anachekelea. Speke anaeleza kwamba hakuna aliyejali kuuliza aliyekufa ni nani. Mpaka leo hajulikani.

Huyo ndiye mtu wa kwanza wa hadithi hii asiye na jina. Wapo wengine wengi, na si wote waliosimama upande wa mbele wa mtutu.

Chukua mpagazi wa Kisukuma au Kinyamwezi wa miaka ya 1870. Kazi ya kubeba mizigo kwenda pwani ilikuwa ndiyo mchongo wa vijana wa wakati huo. Mzigo ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, begani, kwa miezi. Aliyerudi salama alirudi na ujira wa vitambaa, shanga, waya wa shaba, na akibahatika, bunduki. Kijana aliyeingia kijijini na bunduki begani hakuwa mwenzao tena. Ilikuwa ni heshima, mahari na ulinzi kwa pamoja. Yaani fikiria mtu anayerudi kitaa leo na gari lake la kwanza, halafu ongeza uwezo wa kuua tembo.

Bei ya kununulia haikuwa tatizo kubwa kama unavyodhani. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha kwa kasi. Waingereza waliingia kwenye Snider mwaka 1866, na Wajerumani na Wafaransa nao walikuwa na zao mpya. Bunduki za zamani zilirundikana maghalani, na wafanyabiashara wakaona soko: zipelekwe Afrika. Ni mitumba, kwa maneno mengine, ila ya chuma. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hata ukipunguza nusu kwa sababu maofisa hupenda kutia chumvi, bado ni nyingi mno.

Shida ilianza baada ya kununua, kama ilivyo kwa gari la bei rahisi lenye spea za bei mbaya.

Mwenye bunduki ya jiwe alihitaji baruti tu kutoka pwani. Jiwe aliweza kuliokota na kulichonga. Risasi ya madini ya risasi ikikosekana, mhunzi wa kijijini alimkatia vipande vya chuma, na kando ya ziwa chuma hakikuwa cha kutafutwa mbali: Warongo wa upande wa Geita walikuwa wakikiyeyusha kwa mikono yao na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma yote. Ikikosekana hata hiyo, hata kijiwe cha mviringo kiliingia kwenye mtutu. Haikulenga vizuri, ilirusha moshi kama jiko la kuni bichi, na ilichukua muda kuijaza tena huku nyati akikutazama. Ila iliishi.

Mwenye bunduki ya fataki alipiga vizuri zaidi, hata kwenye manyunyu, lakini kijikofia kile hakukuwa na mhunzi wa kukifua. Zikiisha fataki, bunduki yake inakuwa fimbo mpaka msafara mwingine upite.

Na mwenye bunduki mpya ya kujazia nyuma, ile inayotumia risasi iliyokamilika yenye baruti, fataki na kichwa ndani ya ganda moja, alikuwa na silaha ya kutisha kuliko zote na utegemezi mkubwa kuliko wote. Kila mlio mmoja ulitoka kiwandani Ulaya. Ganda likishatumika ni shaba ya kutengenezea bangili.

Kwa hiyo mtu wa kawaida alipochagua gobore hakuwa mshamba. Alipiga hesabu. Alichukua bunduki mbovu anayoweza kuijaza, akaacha bunduki nzuri ambayo mtu mwingine ndiye mwenye ufunguo wake.

Wakubwa waliuelewa mchezo huu kuliko mtu yeyote. Mirambo, mtemi aliyeitikisa njia ya Tabora kuanzia 1871 mpaka alipofariki mwaka 1884, alikuwa na rugaruga waliojaa magobore, na waliotaka kumbana walijua pa kuminya: baruti. Mpiganaji wa Mirambo akinyimwa chakula atapora. Akinyimwa baruti, anarudi kwenye mkuki.

Tofauti ya aina hizi za bunduki ilionekana kwa ukatili kabisa ziwani mwaka 1875. Henry Morton Stanley alikuwa ameanza safari Bagamoyo Novemba 1874, na mwisho wa Februari 1875 alifika Kageye, si mbali na Mwanza ya leo, akiwa na mashua yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Aprili alipita kisiwa cha Bumbire, upande wa magharibi, akakorofishana na wenyeji waliotwaa makasia yake. Akatoroka. Agosti akarudi kwa makusudi na mitumbwi iliyojaa watu wenye bunduki za kujazia nyuma. Alisimamisha mitumbwi majini, mbali kidogo na ufukwe, ambako mishale na mawe ya kombeo hayamfikii vizuri lakini risasi zake zinafika. Akaamuru wapige. Walikufa makumi. Stanley mwenyewe aliandika habari hiyo magazetini bila aibu, na huko Uingereza watu wakamjia juu.

Watu wa Bumbire hawakuwa waoga wala wajinga. Walisimama ufukweni kwa sababu kwa kila silaha waliyowahi kuiona, umbali ule ulikuwa umbali wa usalama. Na kila ganda lililodondoka ndani ya mitumbwi ile siku hiyo lilikuwa limebebwa na mpagazi kutoka pwani. Majina ya waliobeba na majina ya waliokufa hayapo popote.

Baada ya hapo kila mtawala wa ziwani alitaka bunduki ya aina ile. Alijitokeza mtu wa kuziuza: Charles Stokes, raia wa Ireland aliyekuja kama mmisionari, akaacha umisheni, akaoa katika ukoo wa kitemi wa Kinyamwezi, akawa bosi wa misafara. Mwanga alipopinduliwa Buganda mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa, kwanza Magu, kisha akapata hifadhi kwa mapadre Wafaransa kule Bukumbi, karibu na Mwanza. Mwaka 1889 alirudishwa kwao kwa mashua ya Stokes, pamoja na bunduki. Stokes alilipwa kwa pembe za ndovu. Dili lilikuwa safi mpaka lilipomwua: Januari 1895 ofisa wa Kongo ya Mfalme Leopold alimkamata mashariki ya Kongo kwa kuwauzia silaha maadui, akamnyonga. Ulaya ikapiga kelele kweli, maana aliyenyongwa alikuwa Mzungu.

Kuna mtu mwingine wa ufukwe huo anayefaa kukumbukwa zaidi ya Stokes, naye ni Alexander Mackay, mmisionari fundi. Alikaa Buganda tangu 1878 akifundisha uhunzi, uchapaji na useremala. Mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko ndiko alikofia Februari 1890. Mwanafunzi wake mmoja, Kisule, akawa fundi mkuu wa bunduki Buganda. Frederick Lugard, aliyefika Kampala Desemba 1890 na hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo kwa Waafrika, aliandika kwamba fundi huyo anaweza kutengeneza spring mpya au kurekebisha bunduki yoyote iliyoharibika, kwa kazi safi. Kisule alibahatika kuandikwa. Wengine waliofanya kazi kama hiyo kwenye mabanda ya uhunzi kuzunguka ziwa, waliobadilisha vitako, kuzibua mitutu na kukata vipande vya chuma kuwa risasi, wamebaki "fundi mmoja" kwenye shajara za wasafiri.

Mwaka huohuo wa 1890 ulikuwa mzito kwa ziwa. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka wa kulikata ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Novemba, Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Na katikati ya hayo, tarehe 2 Julai, wakubwa wa dunia walitia saini Mkataba wa Brussels.

Mkataba huo husifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake kuna sura nzima ya silaha. Ulizuia kuingiza bunduki na risasi katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Kilichoingia kiwekwe kwenye ghala la serikali. Bunduki za kisasa apewe tu mtu mwenye dhamana, na zipigwe muhuri na kusajiliwa. Kisha ukaacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuruhusiwa kuuzwa.

Soma hapo mara mbili. Mkataba wa kimataifa, kwa maandishi, uliamua kwamba Mwafrika akiachiwa silaha iwe ile inayogoma kwenye mvua. Ya kisasa ni ya serikali. Si ajabu gobore lilidumu. Watu waliona ni ushamba wa wenyeji, kumbe sheria ilikuwa imelipangia nafasi yake.

Wajerumani waliposhika Mwanza wakaishi na mpango huo kwa raha zao. Askari ana risasi za kiwandani, mwindaji ana gobore na baruti ya kupimiwa. Miaka 25 hivi hakuna aliyeuliza askari naye analishwa na nani.

Vita ya 1914 ikauliza. Manowari za Waingereza zilifunga pwani yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na koloni zima likakatwa na viwanda vyake. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa na upungufu wa kila kitu. Askari wake wengi hata hivyo walikuwa bado wanatumia bunduki ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi mwingi, hivyo kila akipiga anajitangaza alipo. Gobore lenye magwanda, ukipenda kuliita hivyo.

Aprili 1915 meli ya mizigo iliyojifanya ya Denmark, Rubens, ilijipenyeza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari Hyacinth ikaiwahi na kuipiga mabomu. Meli ikazama kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kwa wiki kadhaa watu walizamia na kuopoa shehena: bunduki mpya za Mauser, na mamilioni ya risasi.

Ila risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Baruti na fataki zilizidi kuharibika kadri siku zilivyopita, na bunduki zikazidi kugoma. Jeshi la kisasa, lenye bunduki za kisasa, likajikuta na tatizo lilelile la mwindaji wa Kisukuma wa miaka ya 1870.

Lettow-Vorbeck ameeleza walichofanya katika kumbukumbu zake za vita. Risasi zote zilifunguliwa, moja moja. Baruti ikatolewa na kusafishwa. Fataki zilizooza zikabadilishwa na nyingine zilizokuwemo nchini, ingawa hazikuwa za aina ileile. Kisha zikafungwa tena. Kazi hiyo ilifanyika Moshi kwa miezi, asubuhi mpaka usiku, na waliofanya walikuwa askari, wapagazi na yeyote aliyepatikana. Hakuna mashine maalumu inayotajwa, ni mikono tu. Ukiwaza mamilioni ya risasi, unapata picha ya watu wamekaa chini wakikwangua, wakipuliza, wakimimina, siku nzima, karibu na baruti kavu. Waliopoteza vidole au macho, kama walikuwepo, hawamo kwenye kitabu.

Matokeo yalipangwa kwa madaraja. Risasi nzuri za akiba ya zamani zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu, kwa sababu hizo zikigoma katikati ya mapigano umekwisha. Zilizojazwa upya zilijaribiwa, na fungu ambalo kama 20 katika kila 100 hazilii liliwekwa kwa ajili ya vita. Fungu bovu zaidi ya hapo likawa la mazoezi. Yaani askari aliingia vitani akijua kwamba katika kila risasi tano, moja ni gumegume.

Jeshi la Lettow-Vorbeck halikusalimu amri mpaka Novemba 1918. Vitabu vimemsifia jenerali kwa akili nyingi na ujanja wa porini, sawa. Watu waliokaa Moshi wakifungua maganda hawana hata picha moja inayowataja.

Ziwani mambo yalikuwa yanachemka wakati huohuo. Juni 22 na 23, 1915, Waingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakaivamia Bukoba na kubomoa mtambo wa mawasiliano ya redio. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji maarufu wa tembo, Frederick Selous, mwenye miaka 63. Julai 1916 wakaichukua Mwanza, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora.

Tabora kuna kituko cha mwisho cha maganda. Fedha za sarafu zilikuwa zimeadimika, hivyo mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kugonga sarafu. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilitokana na dhahabu ya Sekenke na ndiyo wakusanyaji wanaigombania leo. Lakini zilizotumika sokoni ni za heller 5 na heller 20, na shaba yake ya njano ilitokana na chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Ganda ambalo mwaka 1875 lingeishia kuwa bangili, mwaka 1916 liliishia kuwa chenji ya kununulia mihogo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Chini ya Waingereza, na baada ya uhuru, gobore liliendelea na maisha yake ya kimyakimya: bomba la chuma, kitako cha mti, fundi asiyependa maswali. Kilichobadilisha hesabu ni Vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Oktoba 1978, vita ikaisha 1979, na baada yake silaha za kisasa zikaonekana mikononi mwa majambazi na wezi wa ng'ombe. Usukumani na Unyamwezini ng'ombe ndio benki. Ukiibiwa zizi, umefilisika kwa usiku mmoja.

Watu wakajibu kwa namna ambayo mgeni angeiona ya kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama na Nzega na kusambaa mpaka Mwanza, wanakijiji walijipanga kuwa Sungusungu. Silaha yao ni upinde na mishale. Dhidi ya bunduki! Lakini piga ile hesabu ya zamani: mshale unatengenezwa nyumbani, hauhitaji baruti, hauhitaji fataki, hautoi moshi, na ukikosa shabaha unaukota unautumia tena. Mwizi mwenye bunduki ana risasi za kuhesabu, na kila mlio unampunguzia. Kijiji kizima kikiitikia mwano kina mishale isiyoisha. Wizi ulipungua, na sifa zikawafikia mpaka viongozi wa juu wa nchi. Yalikuwepo pia mabaya yake, na si madogo: watu walipigwa na kuuawa bila mahakama, na wazee, hasa wanawake, waliandamwa kwa tuhuma za uchawi. Baadaye sheria iliwatambua na kujaribu kuwaweka kwenye mstari.

Huko Marekani kujaza risasi upya nyumbani ni hobi ya kawaida kabisa. Mtu ana benchi lake gereji, anakusanya maganda yake, anajaza mwenyewe ili aokoe hela. Kifaa cha bei nafuu kilichopata umaarufu, Lee Loader, kilibuniwa mwaka 1958 na mtu aliyeanzia kwenye karakana ya nyumbani kwake Wisconsin, na mpaka leo watu wanabishana kama kinatosha au uongeze pesa ununue mashine kubwa. Kwa Tanzania hakuna mjadala wa namna hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa kumiliki, na kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kesi nzito. Kwa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe bila kushtakiwa, na kati ya zinazoletwa magobore hayakosekani.

Polisi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa wakiita waandishi wa habari kuonyesha walichokamata kwa majangili, meza huwa na mpangilio unaojulikana. Kuna gobore lenye kitako kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kuna goroli za beringi au vipande vya nondo vilivyokatwa vidogo vidogo, hizo ndizo risasi. Kuna unga wa baruti kwenye chupa ya plastiki. Na pembeni, kwenye kipande cha karatasi, fataki.